Maua ya Kitulo hayangoji kiangazi

"Subiri mvua iishe, jua liwake, ndipo upande Kitulo na kamera yako." Ushauri huu nimeusikia Mbeya mjini mara nyingi, na kila nikiusikia naumia, kwa sababu anayeufuata atayakosa maua yenyewe. Kitulo huchanua wakati wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba hadi Aprili. Ukipanda Julai utakuta nyasi zilizokaushwa na baridi. Uwanda ule wa Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania uko kwenye mita 2,600 hivi juu ya usawa wa bahari. Ulitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005, ingawa wenyeji walikwisha kuupa jina lao, Bustani ya Mungu. Kuna aina zipatazo 350 za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi.

Hata hilo jua tunalolisubiri si rafiki wa ua. Saa sita mchana petali nyeupe huungua pichani zikabaki kama karatasi, na shina likazama kwenye kivuli cheusi. Wingu hutandaza mwanga sawasawa, mithili ya shuka jeupe lililotundikwa kati yako na jua, nayo rangi hutulia. Ukungu una tatizo moja tu: kamera ikiona weupe mwingi hudhani mwanga umezidi, ikaipunguza picha hadi ikawa ya kijivu. Gusa ua kwenye kioo cha simu, kisha ongeza mwangaza kidogo. Usiifute picha kabla ya kujaribu hivyo. Adui wa kweli kule juu ni upepo. Piga magoti, ukinge ua kwa mwili wako, usubiri. Upepo wa Kitulo hupumzika, ila kwa sekunde chache.

Je, ni lazima kamera ya bei kubwa? Hapana. Simu yenye lenzi iliyofutwa vizuri inatosha. Sogea kwa miguu badala ya kuvuta kwa vidole, maana simu nyingi zikivutwa mno hukata tu picha na kuikuza.

Wengine huamini mlima mkubwa unahitaji lenzi pana kuliko zote, uingie wote. Mlima Rungwe unakaribia mita 3,000, lakini lenzi pana huusukuma mbali, ukaonekana kichuguu nyuma ya migomba ya Tukuyu. Tumia lenzi ya kawaida. Rudi nyuma mpaka mgomba na mlima vitoshe pamoja; hapo mgomba utakupimia ukubwa wa mlima.

Kisha yale maneno mafupi chini ya picha. Inadhaniwa kwamba lazima yawe hekima nzito: maisha ni kama ua, kila mvua ina mwisho wake. Kwangu, sentensi inayoweza kukaa chini ya ua lolote duniani haijaliona ua hili. Kamera imekwishaonyesha rangi, kwa hiyo usiirudie. Andika kile isichoweza kubeba: vidole vilivyokufa ganzi, harufu ya udongo uliolowa, sauti ya mtu aliyepita. Chini ya picha moja ya mashamba ya chai niliandika hivi: "Mufindi, saa moja asubuhi. Ukungu ulifunguka kiasi cha wachumaji wawili kuambiana *kamwene*, ukafunga tena." Kamwene ni salamu ya Wahehe. Picha yenyewe haina mtu hata mmoja. Nadhani ndiyo maana maneno yale yalihitajika.

La mwisho ndilo linalonikosesha usingizi. Watu hudhani picha haiwezi kulidhuru ua, mradi hujalichuma. Mizizi ya okidi za nyanda hizi huchimbwa ili kutengenezwa chikanda, chakula kinachopendwa sana Zambia, na okidi ikichimbwa mzizi imekufa. Anayeandika "mita mia kutoka darajani, kushoto kwa jiwe" amemchorea mchimbaji ramani. Zaidi ya hapo, simu nyingi huhifadhi mahali ulipopiga ndani ya picha yenyewe bila wewe kuandika neno. Fungua mipangilio ya kamera, uzime kipengele cha mahali kabla hujafika getini. Chini ya picha zangu za okidi naandika "Kitulo, Februari", basi.