Nyama ya Idd imejaa kwenye friza: maswali na majibu

Wiki ya kwanza baada ya Idd el Hajj, friza nyingi hapa Mtwara mjini hazifungiki vizuri. Aliyechinja amegawa, lakini naye amegawiwa na nyumba tatu nyingine, na kila mfuko una kilo zake. Msimu wa korosho huleta hali hiyohiyo: malipo yakiingia, ndugu wanachangishana, ananunuliwa ng'ombe mzima, kila mtu anaondoka na fungu lake. Mimi huzungumza na akina mama kuhusu lishe, kwa hiyo maswali haya huniijia kila mwaka, ya Chikongola, ya Shangani, na ya jamaa wa Lindi wanaopiga simu. Safari hii nimeyajibu kwa maandishi.

Dada, nyama ikishaingia kwenye friza si imeshakuwa salama?

Hapana, na hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Friza haiui bakteria, inawalaza. Kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hawazaani, lakini wapo, na nyama ikipata joto wanaamka na kuendelea pale walipoishia. Nyama iliyoingia chafu itatoka chafu. Nyama iliyokaa juani nusu siku kabla ya kugandishwa, hiyo nusu siku haifutiki.

Kuna mdudu mmoja ambaye baridi inammaliza: mabuu ya tegu, yule mnyoo mrefu anayetokana na nyama ya ng'ombe isiyoiva. Nyama ikikaa siku kumi mfululizo kwenye nyuzi 10 chini ya sifuri au chini zaidi, mabuu hayo hufa. Kimeta, ule ugonjwa wa mifugo unaoambukiza na watu, sivyo. Mbegu zake hazijali baridi wala moto wa kawaida wa jikoni, ndiyo maana kibudu hakiliwi na hakigandishwi. Hata kuchunwa kisichunwe. Aitwe afisa mifugo. Na anayechinja nyumbani, amwite afisa huyo aikague nyama kabla haijagawiwa.

Nimeletewa paja zima, bado la moto. Nilitie hivyohivyo kwenye friza?

Usilitie. Nyama iliyogandishwa ikiwa bado na joto la mnyama huwa ngumu ikipikwa, na paja zima huchukua muda mrefu mno baridi kufika katikati. Likate leo vipande vidogo, uviweke kwenye friji ya kawaida usiku mmoja vikiwa vimetandazwa, ndipo kesho uvihamishie kwenye friza.

Funga kwa pishi moja moja: kilichomo kwenye mfuko kiwe ni cha sufuria moja, basi. Ukiona nyumba inayoacha nyama nje kutwa nzima, mara nyingi ni kwa sababu bonge la kilo nne limeshikana na hawana namna ya kulibandua. Ukande mfuko uwe bapa kama daftari, utoe hewa, uandike tarehe na aina: mifupa, steki, ya kusaga, maini. Usiingize kilo 20 kwa mpigo. Ingiza kwa mafungu ili friza isizidiwe.

Inakaa muda gani?

Ikiwa imeganda sawasawa, haiozi. Kinachopungua ni ladha. Steki na nyama ya mifupa ziliwe ndani ya miezi sita, nyama ya kusaga na maini ndani ya miezi mitatu. Ukikuta sehemu imekauka na kuwa ya kijivu, hiyo imeunguzwa na baridi. Kata utupe hicho kipande, iliyobaki haina neno.

Mimi huitoa alfajiri, naiacha kwenye beseni jikoni, mchana naipika. Miaka yote nafanya hivyo.

Najua, hata mama yangu alifanya hivyo. Lakini jikoni la Mtwara mwezi wa Novemba si jikoni la Makambako kwenye baridi. Nje ya nyama huyeyuka ndani ya saa moja wakati katikati bado ni jiwe, na huko nje bakteria wana saa tano au sita za kuzaana wakisubiri katikati ilainike. Kati ya nyuzi 5 na 60 ndiko wanakostawi.

Ihamishe jioni kutoka kwenye friza kwenda kwenye friji, ndani ya bakuli ili damu isidondokee kachumbari, na chakula hicho utakipika kesho. Ukisahau, chovya mfuko uliofungwa vizuri kwenye maji baridi, badilisha maji kila nusu saa. Mfuko bapa hauchukui muda. Au usiyeyushe kabisa: mifupa ya supu na vipande vidogo vya mchuzi unaviweka vimeganda kwenye sufuria, vinachelewa tu kuiva.

Iliyoyeyukia kwenye friji unaweza kuirudisha ikagande tena, ingawa italegea kidogo. Iliyoyeyukia nje usiirudishe mbichi. Ikiwa haijamaliza muda wa saa mbili nje, ipike leo, kisha ugandishe mchuzi wake. Ikiwa imelala nje mchana kutwa, shoga yangu, itupe.

Umeme ukikatika je?

Kitu cha kwanza ni kutofungua. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, hushika baridi kama siku mbili. Iliyojaa nusu, kama siku moja. Tatizo ni watoto na sisi wenyewe tunaokwenda kuchungulia. Weka ndani kikombe cha maji yaliyoganda na sarafu juu yake. Ukirudi safari ukaikuta sarafu imezama chini, ujue barafu iliyeyuka yote na kuganda tena, na nyama ilifanya hivyohivyo wakati haupo. Hiyo si ya kulisha mtu hata kama haina harufu.

Umeme ukirudi ukakuta vipande bado vina chembe za barafu ndani, viko salama, viache viendelee kuganda.

Watoto wamechoka rosti na pilau. Nipike nini kingine?

Swali hili nalipenda, kwa sababu jibu lake ndilo pia jibu la afya. Tukiwa na nyama nyingi tunapika nyama na kitoweo kinakuwa nyama tupu. Igeuze: pika vyakula vyetu vya huku, nyama iwe kiungo. Nyama ya friza itadumu muda mrefu zaidi na hakuna atakayechoka.

Anza na mbaazi. Loweka kavu usiku, zichemshe ziive. Pembeni chemsha nusu kilo ya nyama iliyokatwa midogo kama punje za mahindi, na kitunguu, tangawizi na chumvi kidogo, mpaka ilainike. Changanya na mbaazi, tia tui jepesi, ichemke, kisha tui zito mwishoni ukikoroga lisikatike. Nusu kilo hiyo inalisha watu sita wakashiba. Na kuna jambo watu wengi hawalijui: madini ya chuma yaliyomo kwenye mbaazi, kunde na mboga za majani huingia mwilini kwa shida, lakini yakiliwa pamoja na nyama kidogo huingia kwa wepesi zaidi. Kamua ndimu juu yake, au msimu wa mabibo, yale matunda ya mkorosho, watoto wanywe juisi yake, maana bibo lina vitamini C nyingi kuliko chungwa, nayo husaidia kazi hiyohiyo. Chai iache mpaka ipite saa moja baada ya kula, ndiyo inayozuia chuma kisiingie.

Kisamvu nacho. Kitwange vizuri, kichemshe sana sufuria ikiwa wazi, maana majani ya muhogo yana sumu ambayo hutoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Kikiiva tia nyama iliyokwisha kulainika, halafu badala ya karanga tia korosho zilizotwangwa, zile zilizovunjika ambazo bei yake ni nafuu. Kwa ugali wa muhogo sijui kitoweo kinachokishinda.

Mifupa: chemsha taratibu masaa matatu, toa mafuta yanayoelea juu, tia muhogo au ndizi mbichi, pilipili ya kuchanja, ndimu. Nyama ya kusaga: ipike na bamia na nyanya nyingi, au ichanganye nusu kwa nusu na choroko zilizoiva na kupondwa ndipo utengeneze katlesi. Wala hawatagundua.

Nundu na vipande vigumu vya shingo vipake papai bichi lililosagwa, nusu saa tu, zaidi ya hapo nyama huwa kama uji.

Angalizo moja kuhusu nazi. Nyama ya mafuta na tui zito ni mafuta mawili katika sufuria moja, na yote mawili ni ya aina inayopandisha lehemu (kolesteroli). Ukipika kwa tui, usikaange kitunguu kwa mafuta ya kupikia, tui linatosha.

Mzee wetu ana presha na miguu inavimba vidole. Tumnyime nyama?

Vidole vya miguu kuvimba na kuuma ghafla, hasa dole gumba, inaweza kuwa gauti, na nyama nyekundu, maini, figo na supu nzito huichochea. Apelekwe akapimwe, na akiwa na gauti maini na supu ya makongoro aachane navyo. Kwa presha, adui wa karibu ni chumvi: kiungo cha mchuzi cha kwenye pakiti, chumvi ya mezani, na ile tunayoongeza bila kuonja.

Kwa mtu mzima asiye na tatizo, wataalamu wa kuzuia saratani wanashauri isizidi gramu 500 za nyama nyekundu iliyopikwa kwa wiki, sawa na gramu 700 hivi ikiwa mbichi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu vinavyodhaniwa kuchangia saratani, na nyama za kusindikwa kama soseji katika kundi lililothibitishwa. Sisemi hivi ili mtu aogope fungu la sadaka. Piga hesabu tu: nyumba ya watu wazima wanne yenye kilo 12 isiimalize kwa siku kumi. Iile kwa mwezi na zaidi, katikati iingie changu, dagaa na mbaazi tupu. Bahari ipo hapa.

Mchuzi ukibaki, nauchemsha usiku kabla ya kulala, nauacha jikoni. Asubuhi nauchemsha tena. Si inatosha?

Haitoshi, na hili la kiporo naomba lisomwe mara mbili. Wapo bakteria ambao hujifunga kwenye ganda gumu wakati wa kuchemshwa na hawafi. Sufuria kubwa la nyama likipoa polepole usiku kucha, katikati yake panabaki na uvuguvugu kwa masaa mengi, ganda linafunguka na wanazaana kwa mamilioni. Wengine huacha sumu ambayo hata ukiuchemsha mchuzi asubuhi mpaka umwagike, sumu inabaki. Mara nyingi watu wanaoharisha siku ya pili ya shughuli wamekula sufuria kubwa lililopikwa jana yake na kuachwa lifunikwe mpaka kesho, na nyama yenyewe ilikuwa safi.

Kwa hiyo: kinachobaki kigawe kwenye vyombo vidogo visivyo na kina, kisizidi saa mbili tangu kiepuliwe, na siku za joto kali saa moja. Usisubiri kipoe kabisa. Mvuke ukiisha, kiingie kwenye friji. Kiliwe ndani ya siku tatu. Ukikipasha, kitokote chote, siyo kando tu, na upashe kiasi kitakacholiwa. Mchuzi wa nazi huchacha upesi zaidi, basi tenga unachotaka kuhifadhi kabla ya kutia tui.

Kama huna friji, pika kiasi cha kumalizika. Kinachobaki kipeleke kwa jirani wakati bado kinafuka moshi.

Mshikaki ulioungua kidogo ndio mtamu. Una madhara?

Sehemu nyeusi ina kemikali zinazohusishwa na saratani. Subiri makaa yawe na jivu jeupe, inua wavu, geuza mara kwa mara, kilichoungua kikate. Lakini usiogope moto mpaka ukaacha ndani pawe pabichi.

Mtoto wa miezi sita anaweza kupewa?

Anaweza, na anahitaji, kwa sababu akiba ya madini ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa imepungua sana. Nyama ya kusaga ichemshwe iive kabisa, ipondwe laini, ichanganywe na viazi au ndizi, kijiko kimoja au viwili, bila chumvi. Pakiti hii iandikwe jina lake, isiishie kwenye katlesi.

Bibi yetu yuko Newala, hana friza. Tumpelekee nyama gani?

Usimpelekee mbichi kwa basi la mchana. Ukiwa na kilo mbili, ziache zigande kama jiwe, zifunge kwenye magazeti matabaka manne, kisha ndani ya boksi, zipande gari la kwanza la alfajiri, na apigiwe simu azipokee stendi azipike zote siku hiyohiyo. Kinachobaki awagawie majirani, naye kesho yake atagawiwa na wao. Akitaka ya kuweka, sehemu asiipike, aikate nyembamba kama kanga iliyokunjwa, aitie chumvi, aikaushe juu ya moshi ikiwa imefunikwa kwa chandarua kisichotiwa dawa mpaka ikikunjwa ivunjike. Kabla ya kuila ailoweke, maji hayo ayamwage ili chumvi ipungue, kisha aichemshe vizuri. Mwambieni pia asitie chumvi nyingine kwenye mchuzi wake.