Demani iwe mkononi: jinsi ngalawa inavyokimbia na inavyopinduka

Ngalawa haihitaji dhoruba ili ipinduke. Inatosha nahodha awe ameteremka na upepo kwa muda mrefu, akaridhika kwamba bahari ni shwari, kisha akageuza omo, yaani mbele ya chombo, kuelekea nyumbani huku demani, ile kamba ya kuvutia tanga, akiwa ameifunga. Katika mafunzo ya usalama tunayowapa wavuvi na vijana wanaotembeza wageni, hili ndilo tunalolirudia kuliko mengine yote. Makala hii inaeleza sababu.

Upepo unaokupiga usoni ukiwa chomboni ni upepo wa baharini uliochanganyika na mwendo wako mwenyewe. Tuseme unavuma kilomita 30 kwa saa na ngalawa inateremka nao kwa kilomita 10. Tanga linapigwa na kilomita 20 tu. Jua linachoma, maji hayarukii ndani, kila mtu ametulia. Sasa geuza omo uende joshi, yaani uukaribie upepo kadiri chombo kinavyokubali, ukiwa na mwendo ule ule. Tanga litapigwa na kilomita 36 hivi.

Ongezeko hilo ni kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa kasi yake. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nne. Kutoka 20 hadi 36, tanga linabeba zaidi ya mara tatu ya mzigo liliokuwa nao, ndani ya sekunde chache, na angani hakuna kilichobadilika.

Tuweke hesabu ya tanga dogo la mita za mraba 10. Upepo wa kilomita 20 kwa saa unalisukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 19. Upepo wa kilomita 40 unalisukuma kwa kilo 75 hivi. Nguvu hiyo haikai chini kwenye maji. Inasukuma juu, tuseme kwenye kimo cha mita mbili na nusu, na ndiyo inayokilaza chombo. Mtu wa kilo 70 akikaa mita moja na nusu nje, upande unakotoka upepo, anaizuia ile ya kwanza bila taabu. Ile ya pili inataka watu wawili wa uzito huo, na inawataka wawe wamekwisha kukaa pale kabla upepo haujapiga. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotangaza upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, mwenye ngalawa asikie kwamba anaambiwa yeye. Meli kubwa itavuka siku hiyo. Wewe baki.

Wengi huyategemea matengo, yale maboya ya mti yaliyoshikwa pembeni mwa ngalawa, na kweli ni uvumbuzi mkubwa. Gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, ni jembamba mno kusimama peke yake na tanga. Matengo mawili ya pembeni ndiyo yanayolisimamisha. Lakini tengo la upande wa chini ya upepo lina kikomo. Likigusa maji juu juu linasaidia. Likizama lote linaanza kuvuta maji, mwendo unapungua na omo unavutwa kuelekea upande huo. Likizidi kuzama, chombo kinaweza kuinuka tezi, yaani nyuma, na kujipindua juu yake, au mti ulioshika tengo ukavunjika. Kwa hiyo litazameni tengo hilo wakati wote. Likitoweka majini, legeza demani papo hapo, usingoje lirudi lenyewe.

Wembamba huo huo ndio unaoipa ngalawa mbio. Kila chombo kikisonga hujitengenezea wimbi, na chombo kipana chenye urefu wa mita 6 majini hunaswa na wimbi lake kinapokaribia kilomita 11 kwa saa. Ukiongeza tanga kinalala zaidi tu. Ngalawa hulipasua wimbi hilo na kulipita. Gharama yake huonekana ukienda joshi: haina mkuku mrefu, ule uti wa chini wa chombo, wa kuzuia maji, kwa hiyo husogezwa pembeni. Ukibisha, yaani ukienda kwa kukata pembe huku na huku kuelekea upepo, kwa pembe ya nyuzi 60 kutoka upepo ulipo, kila kilomita moja ya kuusogelea upepo inakugharimu kilomita mbili za safari, na hapo sijahesabu kusogezwa. Anayepanga kurudi kabla ya magharibi aanze na hesabu hiyo.

Kukisi, yaani kugeuza chombo ili upepo ulipige tanga kutoka upande wa pili, kunastahili subira. Vyombo vyenye tanga la foromali, ule mti mrefu unaobeba tanga, kwa desturi hugeuka kwa kupitisha tezi kwenye upepo: unateremka, unalegeza demani, foromali inasimamishwa wima, tanga linapitishwa mbele ya mlingoti hadi upande wa pili, ndipo demani inakazwa. Ukijaribu kupitisha omo ukakwama katikati, upepo utalipiga tanga kwa nyuma na kulibana kwenye mlingoti. Hapo kuachia demani hakusaidii tena, na ndiyo hali ninayoiogopa kuliko zote. Kukisi kunataka nafasi ya kutosha chini ya upepo, basi anza mapema, mwamba ukiwa bado mbali.

Kana, ule mkono wa usukani, nayo husema. Ikikuvuta kidogo, omo ukitaka kuelekea upepo, ni vizuri: mkono ukiteleza, chombo kitajielekeza upeponi na kupunguza nguvu. Ikikuchosha, mmekaa mbele mno au tanga limekazwa mno. Rudini nyuma kidogo, legezeni.

Mkondo usisahaulike. Kwenye pwani yetu maji makuu ya bahari huelekea kaskazini mwaka mzima, hivyo wakati wa kaskazi, msimu wa upepo utokao kaskazini, upepo hukutana nayo uso kwa uso na mawimbi huwa mafupi na yenye ukuta. Mlango wa mwamba wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana, maji yakipwa kwa nguvu dhidi ya upepo, ni mbaya zaidi. Kungoja maji yatulie kabla ya kupita si aibu.

Mkipinduka, hesabianeni kwanza. Mti huelea hata ukijaa maji, kwa hiyo shikilieni chombo, kila mtu akiwa na jaketi okozi alilolivaa tangu ufukweni. Legezeni tanga kabla ya kujaribu kukiinua, la sivyo upepo utakipindua tena. Ikishindikana kukiinua, kaeni nacho wote, kwa maana ngalawa inaonekana kwa mbali kuliko kichwa cha mtu anayeogelea, na pwani huonekana karibu kuliko ilivyo.