Mshipi wa daunriga: wa kusuka au nailoni? Anza na kibanio

Wanaoanza kurambaza (kukokota chambo nyuma ya chombo kinachokwenda) kwa daunriga, yaani winchi inayoshusha chambo hadi kina unachotaka, huniuliza swali moja kuliko mengine yote: rili nijaze mshipi wa kusuka au nailoni? Wengi huwa wameshalinganisha nguvu na unene. Wa kusuka wa paundi 20, yaani uzito unaouhimili kabla ya kukatika, una kipenyo cha milimita 0.23 hivi, na nailoni ya nguvu hiyohiyo ni kama mara mbili yake. Basi wameshakata shauri, wanachotaka ni kuambiwa ndiyo.

Mimi siwaambii ndiyo upesi. Kwa daunriga mshipi haukokotwi huru. Winchi inashusha chubwi nzito, aghalabu kilo 4 hadi 7, kwa waya wake yenyewe, na mshipi wa fimbo unabanwa kwenye kibanio karibu na chubwi. Nyuma ya kibanio zinafuata mita kadhaa hadi kwenye chambo. Samaki akikamata, mshipi unachomoka na mnabaki wewe na yeye. Kwa hiyo mshipi huo mmoja una sehemu tatu: iliyo nyuma ya kibanio, sentimita chache zilizobanwa, na ile inayopanda hadi ncha ya fimbo. Mahitaji ya sehemu hizo hayafanani.

Kibanio ndicho kinachoamua mengi. Nailoni ni nene na inabonyea kidogo, hivyo pedi za mpira zinaipata vizuri. Mshipi wa kusuka ni mwembamba, mgumu na unateleza, kwa sababu umetengenezwa kwa polithini. Ukiubana kama nailoni, utatambaa kidogokidogo ndani ya pedi, chambo kitarudi nyuma, fimbo uliyoipinda vizuri italegea, na hutajua kwa nini. Ukikaza kibanio zaidi ili usiteleze, mshipi unakula mpira na kuchimba mfereji, kisha siku ya samaki mdogo hakiachii kabisa na unamkokota maskini yule nusu saa.

Kuna kipimo rahisi. Chukua kalamu ya wino usiofutika, tia alama kwenye mshipi pale unapoingia kwenye pedi, shusha chubwi kwenye kina unachovua, rambaza kidogo, kisha pandisha uangalie. Alama ikiwa imehama hata upana wa kidole, kibanio hicho na mshipi huo havipatani.

Wanaong'ang'ania wa kusuka wana mbinu zao. Wapo wanaofanya kitanzi na kukisokota mara tano au sita kwa vidole, kisha wanabana ule msokoto badala ya uzi mmoja. Wapo wanaofunga mpira mdogo wa kubania karatasi kwenye mshipi na kuutia mpira huo kwenye kibanio. Samaki akivuta, mpira unakatika. Zote mbili zinafanya kazi, na zote mbili zinaudhi pale samaki wanapokamata mfululizo na mikono imelowa.

Sasa njoo kwenye hoja ya kunyumbuka, ambayo ndiyo inayowauzia watu mshipi wa kusuka. Ni kweli nailoni hurefuka sana ikivutwa kwa nguvu, na wa kusuka karibu haurefuki. Lakini tazama nani anayezamisha ndoana. Samaki anapokamata, kwanza anavuta dhidi ya kibanio, na kibanio kimeshikwa na uzito wa chubwi. Wakati huo mshipi unaofanya kazi ni ule wa nyuma ya kibanio tu. Zile mita 30 au 50 zilizo juu hazijaingia kazini bado. Hasara ya nailoni hapo ni ndogo kuliko inavyosemwa.

Halafu kibanio kikiachia, tatizo linakuwa ulegevu. Chukua chubwi iliyo mita 30 chini na chambo kilicho mita 15 nyuma yake. Mshipi ulio majini ni mita 45, umekaa mfano wa herufi L. Ukichomoka, umbali wa moja kwa moja kutoka ncha ya fimbo hadi kwa samaki ni kama mita 33 na nusu. Zinabaki zaidi ya mita 11 zisizo na kazi. Fimbo iliyopindwa inakula kidogo, maji nayo yanaushika mshipi yakaupa mkazo fulani. Lakini samaki akitulia mahali pake, chombo kinachokwenda noti 2.5 (maili 2.5 za baharini kwa saa) kinahitaji kama sekunde 14 kuumaliza ulegevu huo chenyewe. Hakuna aina ya mshipi inayokuokoa hapo. Unachukua fimbo na kuzungusha rili kwa kasi mpaka umsikie.

Mshipi wa kusuka unashinda kweli katika sehemu ya tatu, ile ya juu, na kina kikiwa kirefu. Maji yanasukuma mshipi kulingana na unene wake, na msukumo unapanda haraka sana kasi ikiongezeka. Nailoni nene kwenye mita 50 inajikunja tumbo kubwa nyuma ya waya, inavuta kibanio muda wote, na wakati mwingine inakifungua bila samaki. Wa kusuka unakata maji. Ncha ya fimbo inakuonyesha hata jani lililonasa kwenye ndoana.

Kwa hiyo mimi, kina kisipozidi mita 25 hivi, natumia nailoni tupu ya paundi 20 na sihangaiki. Zaidi ya hapo, najaza wa kusuka na kuunga mbele yake nailoni mita 25 au 30. Urefu huo una sababu: chambo kikiwa mita 15 nyuma, kibanio lazima kiangukie kwenye nailoni, na fundo libaki juu ya kibanio, si ndani yake wala nyuma yake. Fundo la FG ndilo jembamba kuliko yote ninayoyajua kwa kuunga hivi, linapita kwenye pete za fimbo bila kugonga. Na chini kabisa kwenye bobini ya rili tia mizunguko kadhaa ya nailoni kwanza, la sivyo mshipi wa kusuka wote utazunguka kwa mkupuo juu ya bobini na utadhani breki ya rili imekufa.

Yapo maji ambayo wembamba wenyewe ni balaa. Kwenye Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini kuna viroboto-maji wenye miiba, vijidudu vya majini, wageni waliotoka ng'ambo. Aina moja, Cercopagis pengoi, ilionekana Ziwa Ontario mwaka 1998. Wananasa kwenye mshipi mwembamba, wanajikusanya kama uji mzito na kuziba pete ya ncha ya fimbo. Wavuvi wengi wa huko hurudi kwenye nailoni nene ya paundi 30, kwa sababu miiba haipati pa kushika vizuri.

Nailoni ina uzee wake pia. Inanywa maji, jua linaichosha, inashika umbo la bobini. Ibadilishe kila msimu, ni rahisi. Wa kusuka unakaa miaka, na ukichakaa upande mmoja unaugeuza.

Mwisho, breki. Ukiwa na wa kusuka mwingi nje, ilegeze kuliko uliyozoea na nailoni, hasa kwa samaki wa mdomo laini kama samoni na ndoana za pembe tatu. Zile mita za nailoni za mbele zinasaidia kumeza mshtuko, ila hazitoshi akiruka karibu na shetri. Pima kwa mizani ndogo ya mkono, uvute mshipi ukiwa umepita kwenye fimbo iliyopinda, si moja kwa moja kutoka kwenye rili.