Kifungo cha maisha England si miaka 15

Wengi husema kifungo cha maisha England ni miaka 15 tu, kisha mfungwa anatoka huru. Sivyo. Mtu mzima akitiwa hatiani kwa mauaji ya kukusudia, kifungo cha maisha ni lazima. Jaji hupanga tu muda wa chini wa kukaa gerezani. Aliyekwenda na kisu kwenye tukio akaua nacho, kwa kawaida hesabu yake huanzia miaka 25. Muda ukiisha, mlango haufunguki wenyewe: Bodi ya Parole, chombo kinachoamua kama mfungwa aachiwe, lazima iridhike kwamba umma uko salama. Akiachiwa, anaishi kwa masharti hadi kufa. Akiyavunja, anaweza kurudishwa ndani. Wachache mno huamriwa wasitoke kabisa.