Choo cha sungura wa ndani: anza na nyasi, trei itafuata

Swali ninaloulizwa mara nyingi ni namna ya kumfundisha sungura kutumia choo ndani ya nyumba. Sehemu kubwa ya somo hilo sungura analo tayari. Sungura wa porini wa Ulaya, ambaye ndiye chimbuko la sungura wote wa kufugwa, hutenga sehemu maalumu za kuachia kinyesi karibu na mashimo yao, na wa nyumbani wamerithi tabia hiyo. Ukimweka kwenye kizimba atachagua kona moja, pengine mbili, na kurudi hapohapo kila anapokojoa. Kazi yako ni kuifuata kona hiyo, kuiwekea trei, na kuifanya trei iwe mahali anapopenda kukaa.

Kabla ya trei kuna suala la kuhasi. Sungura akikaribia kubalehe, kati ya miezi 3 na 6 kutegemea ukubwa wa aina yake, huanza kutumia mkojo kuweka mipaka. Dume huurusha ukutani, kwenye viti na hata kwenye miguu ya watu. Jike naye huacha alama, ingawa wengi hudhani ni tabia ya madume peke yao. Hakuna trei inayoweza kushindana na homoni. Daktari wa mifugo mwenye uzoefu wa sungura humhasi dume korodani zikishashuka, kwenye miezi 3 hadi 5, na jike humwondoa ovari na mfuko wa uzazi kuanzia miezi 4 hadi 6. Kwa jike hilo ni muhimu zaidi ya suala la choo, kwa sababu saratani ya mfuko wa uzazi huwapata sana majike wasiohasiwa wanapozidi miaka 3 au 4. Usitarajie mabadiliko siku ya pili. Homoni huchukua wiki 4 hadi 6 kupungua, na katika kipindi hicho dume bado anaweza kutia mimba, kwa hiyo mtenge na majike.

Trei zenyewe sasa. Zile ndogo za pembetatu zinazobanwa kwenye kona ya kizimba, ambazo huuzwa kama vyoo vya sungura, mimi sizipendekezi kwa mtu yeyote. Sungura hukaa chooni muda mrefu: anakula, anajilamba, mara nyingine anajinyoosha kabisa. Mtafutie trei ya paka au beseni la plastiki la mstatili. Kwa sungura wa kilo 2 hadi 3, urefu wa sm 50 na upana wa sm 40 unatosha. Mkubwa zaidi apate kubwa zaidi, ilimradi aweze kugeuka na kulala ndani. Upande wa kuingilia uwe na kimo cha sm 8 hadi 10, na kwa mzee mwenye maumivu ya viungo uwe chini zaidi. Kuta za nyuma ziwe sm 20 au zaidi. Anapokojoa, sungura hurudi kinyumenyume hadi kwenye kona, hunyanyua makalio na mkia, na mkojo hutoka kwa nyuma. Ukuta ukiwa mfupi, sungura yumo ndani na mkojo uko sakafuni, halafu analaumiwa kwamba amekataa choo.

Wavu wa kusimamia juu ya matandazo, yaani vitu vya kunyonya mkojo vinavyowekwa ndani ya trei, pia siupendi. Nyayo za sungura hazina nyama nene kama za paka, ni manyoya tu, na kukaa juu ya wavu kwa saa nyingi huchubua visigino mpaka vikawa vidonda.

Ndani ya trei, chini kabisa, mwaga sm 2 hadi 3 za matandazo. Bora ni peleti (vipande vidogo vilivyogandamizwa) za karatasi iliyorejelewa, au peleti za mbao zilizokaushwa kwa joto kali na zisizotiwa kemikali. Karatasi za magazeti zinafaa, ila huloa haraka na lazima zitolewe kila siku. Mchanga wa choo cha paka unaogandamana usiutie kabisa: sungura huonja kila kitu, na unaovimba ukilowa unaweza kuziba utumbo. Magunzi ya mahindi yaliyosagwa yana hatari hiyohiyo. Maranda ya msonobari na mwerezi hutoa kemikali zinazowasha njia ya hewa na kulisumbua ini. Chochote chenye manukato kiache dukani.

Juu ya matandazo huja nyasi kavu, na hapa ndipo kazi inapofanikiwa au kuharibika. Sungura hula na kunya kwa wakati mmoja. Kwa hiyo nyasi zake zote ziwe ndani ya trei, upande mmoja, au kwenye kihori kilichoning'inizwa juu ya trei kwa namna ambayo hawezi kuzifikia bila kuingia na miguu yote minne. Ukiona ametumbukiza kichwa tu huku makalio yako nje, sogeza nyasi kwenye ukuta wa mbali. Ukitundika kihori upande mmoja wa kizimba na kuweka trei upande mwingine, utaokota kinyesi chini ya kihori kila asubuhi, na kosa litakuwa la mpangilio. Kiasi ni rundo la ukubwa wa mwili wake kwa siku, liongezwe asubuhi na jioni. Watu huingiwa na kinyaa wakidhani atakula zilizochafuka, lakini yeye huchagua safi na kuziacha nyingine, ndiyo maana unaongeza kila mara. Ziwe nyasi za kawaida za malisho. Alfalfa, mmea wa malisho wa jamii ya kunde, ina kalisi na protini nyingi mno kwa sungura aliyekomaa.

Anza na eneo dogo, tuseme mita 1.2 kwa 1.2 lililozungushiwa uzio, na trei kwenye kona aliyoichagua mwenyewe. Akihama kona, hama naye; kubishana na sungura kuhusu kona ni kupoteza muda. Mkojo ulioanguka nje ufute kwa karatasi, kisha itie karatasi hiyo ndani ya trei pamoja na punje za kinyesi ulizookota, ili harufu imwelekeze. Pale nje pasafishe kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Ukimwona ameanza kunyanyua mkia mahali pasipofaa, msukumie polepole kuelekea kwenye trei. Akifanya vizuri mpe kipande cha tunda kisichozidi ukucha, akiwa bado ndani, maana akishatoka hataunganisha mambo hayo mawili. Usipige kelele, usimkamate kwa nguvu na kumtupia ndani, na kamwe usimfuate chooni ili umkamate kwa jambo lingine kama dawa au kukata kucha. Trei ikishakuwa mtego, ataikwepa.

Wiki nzima ikipita bila mkojo nje ya trei, panua eneo kidogo. Akikosea, rudi kwenye eneo la awali kwa siku chache. Chumba kikubwa kinahitaji trei ya pili, kwani sungura aliye mbali hatakatiza chumba kizima akibanwa.

Tofautisha mkojo na punje. Mkojo unaweza kuudai wote uwe kwenye trei. Punje kavu chache zilizotawanyika ni alama za mipaka, hasa akiwa mgeni katika chumba au akinusa sungura mwingine, na nyingi hupungua zenyewe. Makochi na vitanda ni habari nyingine: kitu laini kinachonyonya humvutia kukojoa, na godoro likishaingia harufu atarudi. Funika kwa turubai jepesi au mzuie kupanda mpaka tabia itulie.

Toa sehemu iliyolowa kila siku na badilisha zote kila siku 2 au 3. Amonia, hewa kali inayopanda kutoka kwenye mkojo wa zamani, huumiza mapafu yake kabla pua yako haijalalamika. Katika wiki za mwanzo, bakiza konzi ya nyasi zenye harufu unapobadilisha. Ule utando mweupe mgumu unaoganda chini ni kalisi, kwa sababu sungura hutoa kalisi ya ziada kupitia mkojo; mwagia siki, acha nusu saa, nao utang'oka bila kukwaruza plastiki.

Trei pia hukuonyesha afya yake. Mkojo wa rangi ya chungwa au wekundu mara nyingi ni rangi za mimea tu, lakini matone au mabonge ya damu, au mkojo mzito kama rojo, yanahitaji daktari. Vishada vya kinyesi laini kinachonata, kile ambacho kwa kawaida hukila moja kwa moja kutoka mwilini, vikibaki kwenye trei maana yake ni chakula cha viwandani au matunda yamezidi, au ni mnene au ana maumivu kiasi cha kushindwa kujifikia. Sungura aliyekuwa msafi kwa miezi kisha akaanza kukojoa ovyo, bila kuhama nyumba wala kuletewa mwenzake, apimwe kibofu na viungo kabla hujaanza mafunzo upya. Na trei ikikaa saa 10 hadi 12 bila punje mpya huku nyasi hazijaguswa, utumbo umesimama: mpeleke kwa daktari wa mifugo saa hiyohiyo, usingoje asubuhi.