Kabla hujamwambia mwenzako "umetisha": ninavyosoma picha za usiku

Kila giza la mwezi linapokwisha, wapiga picha sita au saba tunakutana kwenye kibaraza cha mwenzetu mmoja hapa Mikindani, Mtwara. Kila mtu anakuja na picha moja tu, tena iliyosafishwa kwenye karatasi. Tunazilaza mkekani, kahawa inazunguka. Sheria yetu ni moja: mwenye picha hasemi neno mpaka wengine waseme wanachokiona. Unachokipenda utakisema baadaye.

Sheria hii ilitokana na kosa langu. Kijana mmoja alileta picha ya wavuvi wa dagaa ndani ya ghuba, usiku wa giza, taa zote zimejiviringa kama uzi uliovurugika. Nikamwambia mbele ya watu, "Imetikisika hii, mdogo wangu. Siku nyingine kaza tripodi," yaani ile miguu mitatu inayobeba kamera. Akaitikia, "Sawa, kaka," akairudisha kwenye bahasha. Miezi mitano hatukumwona.

Aliporudi nilimwomba aitoe tena. Safari hii niliinama nikaiangalia vizuri. Kwenye kona ya kushoto kulikuwa na mawe ya matumbawe, na kila kitundu cha jiwe kilionekana wazi kabisa. Kamera ingekuwa imetikisika, mawe nayo yangetikisika. Kilichocheza ni vyombo. Shata, kile kipazia cha kamera kinachofunguka kupitisha mwanga, ilikaa wazi sekunde 30, na muda wote huo kila taa ilikuwa ikichora mwendo wa chombo chake. Taa ya karibu ilichora fundo kubwa, za mbali zikabaki vidoa. Zilizojiviringa palepale zilikuwa za vyombo vilivyotia nanga, mawimbi yanavipeleka huku na huku. Taa moja ilikuwa imechora mstari mrefu wa kulala: huyo alikuwa anahama, labda kaona dagaa hawapandi. Nyingi zilikuwa taa za LED, nyeupe inayoelekea kwenye buluu, lakini moja ilikuwa na umanjano wa karabai. Yote hayo yalikuwamo kwenye karatasi tangu siku ya kwanza, nami nikamwambia kijana wa watu akaze tripodi. Nilimwomba radhi palepale, mbele ya walewale.

Tangu siku hiyo, nikipewa picha ya usiku naanza kutafuta kitu kisichotembea: jiwe, nguzo, ukuta, mnazi siku isiyo na upepo. Kikiwa kimetulia, basi chochote kilichovutika mbele yake kilivutwa na muda wa shata, na swali linakuwa mpiga picha alitaka muda huo ufanye kazi gani. Mchana shata inakamata tukio. Usiku inalikusanya, na picha moja inaweza kubeba nusu dakika nzima.

Mwenzetu mwingine alikwenda Msimbati kupiga mistari ya nyota. Alielekeza kamera baharini, mashariki, akapiga picha 180 za sekunde 20 kila moja mfululizo, akaziunganisha kwenye kompyuta. Hiyo ni saa nzima ya mbingu, na kwa saa moja mbingu huzunguka nyuzi 15. Alipoiweka mkekani alikuwa mnyonge. Alitaka maduara kama ya vitabuni, akapata mistari iliyosimama karibu wima, imelala kidogo kushoto.

Hapa nilizungumza sana, maana ile picha ilikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Maduara ya vitabuni hupigwa Ulaya na Marekani, ambako ncha ya kaskazini ya mbingu, ile nukta ambayo nyota zinaonekana kuizunguka, iko juu angani na ina nyota yake ya kuilenga. Mtwara tuko kama nyuzi 10 kusini mwa ikweta. Nyota ile kwetu iko chini ya upeo, hatuioni kamwe. Ncha ya kusini tunayo, lakini imeinuka nyuzi 10 tu, upana wa ngumi ukinyoosha mkono, na haina nyota yenye mwanga wa kutosha kukuongoza. Ukigeukia kusini utapata maduara, ila mengi yatakatwa na ardhi. Ukigeukia mashariki, nyota zinapanda karibu wima, zimeinamia kaskazini, yaani kushoto kwako, kwa nyuzi zilezile 10. Mtu anayejua anga akiiona picha ile atatambua kwamba imepigwa karibu na ikweta, upande wa kusini. Mwenzetu alikuwa amepiga anga la kwao, na kitabu ndicho kilichomwambia kwamba amekosea.

Vivyo hivyo kwa nyota za nukta, zisizovutika. Kanuni inayofundishwa kwa kamera yenye sensa (kile kipande kinachopokea mwanga) ya ukubwa wa filamu ya milimita 35 ni kugawa 500 kwa urefu wa lensi: lensi ya milimita 24 inakupa sekunde 20 hivi. Mimi nagawa 300, napata 12. Sensa za leo zina pikseli nyingi, hazifichi kitu. Tena nyota zinazokimbia haraka ni zile za ikweta ya mbingu, mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia, na ikweta hiyo kwetu inapita karibu na utosi. Kwa hiyo tundu la lensi wazi, f/2.8, sekunde 12, wepesi wa sensa kwa mwanga ISO 3200, na chenga kidogo, zile punje punje za picha ya gizani, uzivumilie. Chenga zinapunguzika kwenye kompyuta, nyota iliyogeuka punje ya mchele hairudi. Juni na Julai, usiku wa manane, kitovu cha Njia ya Maziwa kinapita juu sana angani kwetu. Chukua kitambaa kikavu, umande wa pwani unafunga lensi bila wewe kujua.

Picha za mjini nazisoma kwa haraka zaidi. Mtu akileta Boma la Mikindani, lile lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895, naangalia kwanza rangi ya anga. Ikiwa buluu nzito inayolingana na taa, najua alipiga kati ya azana ya magharibi na ya isha. Kwetu nafasi hiyo ni fupi, dakika 20 hivi, kwa sababu jua la ikweta linazama wima. Baadaye kidogo anga ni jeusi na taa zinaungua, zinageuka madoa meupe matupu. Kisha nahesabu miale ya taa. Miale mirefu na myembamba inamaanisha alibana tundu la lensi, f/11 au f/16 (namba ikiwa kubwa, tundu ni dogo). Ikiwa 14, lensi ina bapa saba, yaani vile vipande vyembamba vinavyolibana tundu. Ikiwa minane, bapa ni nane. Bapa zikiwa witiri, miale huwa maradufu. Kumwambia mwenzako "umebana tundu ili taa ziwe nyota, na kuta hazikuungua" kunamfaa, kwa sababu safari ijayo anajua arudie nini. "Umetisha" humfurahisha, naye anastahili furaha yake, lakini anaondoka bila kujua ametisha kwa lipi.

Giza lililopita yule kijana wa dagaa alileta picha ya ghuba, sekunde 20. Safari hii hata mawe yalikuwa yamevutika, na taa za ng'ambo pia, zote kwenda juu, zote kwa urefu mmoja. Tukakaa kimya tunaitazama. Mwenzetu mmoja akauliza, "Mguu wa mbele wa tripodi ulikuwa mchangani?"

"Majini," akajibu. Usiku usio na mwezi, unaofaa nyota, ndio pia wa bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida. Maji yalipanda yeye macho yako kwenye kioo cha kamera, mchanga ukalainika, mguu ukawa unadidimia polepole na kamera inainama.

Giza linalokuja anabeba vifuu vitatu vya nazi vya kuwekea miguu ya tripodi.