Kwa nini Beetle ya zamani huvuja oili kwenye tapeti kava, na huzibwaje?

Egesha Volkswagen Beetle ya miaka ya 1960 kwenye sakafu ya saruji iliyofagiliwa, kisha asubuhi uchungulie chini ya injini. Mara nyingi utakuta matone mawili matatu meusi, upande wa ndani wa matairi ya nyuma. Wenye magari haya wana utani wao wa siku nyingi: ukiona Beetle haidondoshi oili, ujue oili imekwisha. Utani unachekesha, ila umewaponza wengi, maana mtu akishaukubali anaacha kutafuta chanzo. Beetle iliyofungwa vizuri hukaa kavu. Ikivuja ipo sababu, na mahali pa kwanza pa kuangalia ni pale kwenye tapeti kava, yaani mfuniko wa bati unaofunika valvu.

Kwa nini pale? Kwenye magari mengi tuliyoyazoea silinda zimesimama na tapeti kava iko juu kabisa ya injini. Oili inayopandishwa huko hutiririka yenyewe kurudi chini, na gasketi, kile kizibo laini kinachokaa kati ya kava na injini, haina kazi kubwa zaidi ya kuzuia marusho na mvuke. Injini ya Beetle ina silinda nne zilizolala, mbili kushoto na mbili kulia, kwa hiyo kava zake mbili zimegeukia pembeni. Ni sawa na kulaza sufuria ubavu huku ukitegemea mfuniko uzuie mchuzi.

Safari ya oili yenyewe inaongeza ugumu. Inafika kwenye valvu kwa kupita ndani ya pushirodi, fimbo za kusukuma valvu, ambazo zina uwazi katikati. Ikishalainisha rokaamu, vile vikono vinavyofungua valvu, inarudi kwenye kesi ya krenki, ganda la katikati la injini, safari hii ikipita nje ya pushirodi zile zile, ndani ya bomba nyembamba za bati zilizopita chini ya silinda. Bomba hizo ziko nane, nne kila upande. Gari linapokuwa barabarani daima kuna oili kiasi ndani ya kava, na ukikata kona ndefu ya kushoto kwa mwendo, oili inasukumwa kwenda upande wa kulia. Ukizima injini, ile iliyobaki chini ya usawa wa bomba haina pa kwenda. Inalala pale usiku kucha, imeegemea ukingo wa chini wa gasketi. Ndiyo maana tone huonekana asubuhi hata kama jana jioni hapakuwa na dalili yoyote.

Halafu kuna namna kava inavyoshikiliwa. Haina bolti wala nati. Kuna waya mmoja mnene wa springi, ncha zake mbili zimeshikiliwa kwenye silinda hedi (kichwa cha silinda chenye valvu), na katikati unapita juu ya kava na kukaa kwenye mfuo wake. Anayeuona mara ya kwanza huona kama kitu cha muda, kitu ambacho fundi alikifunga akisubiri bolti zifike. Mimi nauona ni ubunifu mzuri kuliko bolti. Springi inabana kwa nguvu ile ile leo na kesho, wakati bolti humshawishi mtu aikaze zaidi kila anapoona unyevu, mpaka bati linapinda na gasketi inachanika. Na wenye mashaka na waya huo wakumbuke mashindano ya magari ya Safari yaliyoanza mwaka 1953, yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika: Beetle ilishinda mwaka 1954, 1957 na 1962, kwenye matope na mawe ya enzi hizo, kava zake zikiwa zimebanwa na waya wa aina hiyo hiyo.

Kinachochoka ni gasketi. Ile ya asili imetengenezwa kwa gome la mwaloni lililosagwa na kugandishwa, gome lile lile la vizibo vya chupa za mvinyo. Ikiwa mpya inabonyea vizuri na kujaza kila kijishimo. Lakini hedi ni ya aluminiamu na kava ni ya bati la chuma, na aluminiamu ikipata joto hutanuka karibu mara mbili ya chuma. Injini isiyo na maji wala rejeta hupanda joto na kushuka kwa haraka, kwa hiyo kila safari gasketi inasuguliwa kidogo katikati ya metali mbili zisizokwenda pamoja. Baada ya muda inakauka, inakuwa ngumu kama plastiki na kubaki imebonyea. Waya bado unabana kwa nguvu zake zote, ila hakuna tena kitu laini cha kubanwa.

Mtu anaweza kuuliza, matone mawili yana shida gani? Kwanza, injini hii inabeba lita 2.5 tu za oili. Ikipungua nusu lita, umepoteza moja ya tano ya oili yote, na kwenye gari hili oili si ya kulainisha tu, inasaidia sana kuipoza injini kupitia kipozeo chake kilicho kwenye njia ya upepo wa feni. Pili, vumbi. Oili ikishapaka mapezi ya silinda na hedi, yale mabapa membamba ya kutoa joto, vumbi linanata na kujenga tabaka, na mapezi yaliyovaa koti la matope hayatoi joto. Tatu ni harufu. Hita ya Beetle hupasha hewa kwa kuizungusha pembeni ya ekzosi na kuipeleka ndani ya gari. Oili ikidondokea pale, abiria ndio wanaovuta moshi wake. Wa Ulaya na Marekani ya kaskazini hulijua hili kila majira ya baridi. Sisi wa joto hatufungui hita, kwa hiyo tunachelewa kugundua.

Sasa kabla hujanunua gasketi, hakikisha ni kava kweli. Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Feni ya injini inasukuma hewa kutoka juu, inapita katikati ya silinda na kutokea chini ya gari, na njiani inabeba oili na kuipaka kila mahali. Kufikia jioni upande mzima wa injini umelowa na huwezi kusema kilianza wapi. Osha kwanza. Injini ikiwa imepoa, tumia brashi na sabuni ya kuondoa grisi mpaka uone rangi ya metali, acha ikauke kabisa, kisha rashia poda ya mtoto kwenye ukingo wa chini wa kava na kwenye ncha za zile bomba za pushirodi. Endesha mwendo mfupi, rudi na tochi. Oili itakuwa imechora mstari wake kwenye poda.

Ukikuta mstari unaanzia kwenye bomba, hilo ni tatizo jingine. Kila bomba lina sili mbili za mpira, moja upande wa hedi na moja upande wa kesi, jumla sili 16, na zikizeeka hudondosha oili karibu kabisa na pale kava inapodondoshea. Kuzibadilisha kwa bomba za asili kunataka hedi itoke. Zipo bomba za kurefuka na kufupika zinazoingizwa bila kung'oa hedi, unaondoa rokaamu na pushirodi tu. Wapenda uasilia hawazitaki, ila kwa gari la kutumia kila siku zinaokoa kazi kubwa. Ukirudisha zile za asili, zivute kidogo kwa mkono ili mikunjo ya ncha zake iwe na cha kubana, na mshono wa bati utazame juu, usije ukaoza na kufunguka upande oili inapopita.

Tuseme ni kava. Kazi yenyewe haimalizi saa moja kwa kila upande, isipokuwa gundi inataka kusubiriwa. Injini iwe baridi kabisa, iliyolala usiku mzima, na gari liwe juu ya stendi, si jeki peke yake. Kabla ya kufungua chochote, piga brashi eneo lote linalozunguka kava. Mchanga ukiangukia kwenye rokaamu utaingia kwenye oili, na injini hii haina filta ya oili ya kawaida, ina chujio la wavu tu, ambalo halizuii chembe ndogo. Weka beseni chini. Chomeka bisibisi imara nyuma ya waya, sukuma kuelekea chini, nao utaruka kutoka kwenye mfuo wake. Kava itatoka na oili kiasi cha kujaza kiganja, usishtuke.

Ng'oa gasketi ya zamani yote, pamoja na utando wa gundi uliobaki. Hapa usiharakishe. Upande wa hedi tumia kipande cha mbao au plastiki, kwa sababu aluminiamu ikichubuliwa na bisibisi inabaki na mfereji, na mfereji huo utakuwa bomba jipya la oili. Kisha ichukue kava, ioshe, na uilaze kifudifudi juu ya kioo tambarare cha dirisha. Ibonyeze kila kona. Ikicheza, au ukimulika tochi upande mmoja ukaona mwanga upande wa pili, ukingo umepinda, mara nyingi kwa sababu kuna aliyewahi kuing'oa kwa kuipiga. Bati lake ni laini. Unaweza kulinyoosha kwa nyundo ndogo na kipande cha mbao, ukirudi kwenye kioo kila baada ya kugonga kidogo. Mwenye gasketi mpya juu ya kava iliyopinda ana kazi ya kurudia wiki ijayo.

Gundi ni suala lenye ubishi kwenye gereji. Wapo wanaopaka pande zote mbili, wapo wanaofunga kavu kavu. Ninachoamini ni hiki: gundisha gasketi kwenye kava pekee, kwa gundi ya kugusana ya kawaida inayovumilia oili, paka pande zote mbili zinazokutana, subiri ianze kunata, kisha ibandike taratibu ikae ndani ya ukingo bila kupanda juu ya bati. Ilaze juu ya kioo chako, weka kitu kizito, iache mpaka kesho. Upande unaogusa hedi paka grisi nyembamba tu. Gasketi iliyogundishwa haiwezi kuteleza wakati unaipandisha ukiwa umelala chini ya gari huoni vizuri, na kwa sababu ya grisi, siku nyingine kava inatoka bila kuchanika.

Silikoni ya tyubu usiitumie. Najua inauzwa kila duka la spea na inaziba haraka. Lakini ikibanwa, ziada inafura kwa ndani, inakatika vipande, na vipande hivyo huishia kwenye lile chujio la wavu au kwenye njia nyembamba za oili. Utakuwa umezuia tone na kuinyima injini oili.

Kwa kuwa kava ziko wazi, angalia nafasi kati ya valvu na rokaamu kwa filageji, vile vibati vyembamba vya kupimia. Kwa injini nyingi za 1300 hadi 1600 ni milimita 0.15, injini ikiwa baridi. Wenye Beetle wengi hufanya hivi kila baada ya kilomita 5,000 pamoja na kubadilisha oili. Ukipandisha kava, ishike kwa kiganja mpaka imekaa sawa pande zote, ndipo uvute waya juu mpaka uingie kwenye mfuo. Utausikia na kuuona umekaa katikati. Ukiingia kirahisi bila upinzani, waya umechoka. Usiukunje ili urudishe nguvu, tafuta mwingine.

Neno kuhusu urembo. Kava za kromu za madukani zinang'aa, ila nyingi ni za bati jepesi, ukingo wake hauko sawa na waya haushiki vizuri kwenye mfuo wake. Zile nzito za aluminiamu zinazofungwa kwa bolti zina sifa kwa wakimbiaji, lakini tundu la bolti nalo ni njia mpya ya kuvujia. Kama una kava nyeusi za kiwandani, hata zikiwa na kutu juu, zipige rangi uzirudishe.

Endapo umefanya yote hayo na bado panalowa, fikiria presha. Ringi za pistoni zikilika, gesi ya mwako hupenya na kujaza kesi ya krenki, kisha inatafuta pa kutokea. Njia yake halali ni mpira unaotoka kwenye shingo ya kujazia oili kwenda kwenye kisafisha hewa. Ukague huo kwanza, kama umeziba au kuminywa, maana ni wa kutengeneza kwa dakika chache. Ukiwa mzima, washa injini, fungua mfuniko wa oili na usogeze kiganja juu yake: mvuke kidogo ni kawaida, ila ikipuliza moshi kwa kishindo, gasketi haina kosa. Upande wa puli ya krenki wa injini hii haukuwekewa sili ya mpira hata kiwandani, kuna kisahani cha kurusha oili na mfereji wa kuirudisha ndani, kwa hiyo presha ikizidi utaona oili imelowesha na puli pia. Kava mbili na puli zikilowa pamoja, peleka gari likapimwe kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda, kabla hujanunua gasketi nyingine.